Vyombo vya Kabatini na Mgeni wa Sebuleni

Katika nyumba nyingi za watu wa hali ya kati, tangu Mombasa hata Mtwara, na bara pia hata Tabora na Bujumbura, mna sebuleni kabati la vioo ambalo ndani yake vimepangwa, kwa utaratibu usiovunjwa mwaka hata mwaka, sahani za maua, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, bilauri za shingo ndefu, na buli ambalo halijatiwa chai tangu siku lilipotoka dukani. Na bibi wa nyumba akiulizwa vyombo hivyo ni vya nani, hujibu pasi na kusita kwamba ni vya wageni. Walakini mgeni huja, akakaribishwa, akaketi, akaletewa kinywaji katika bilauri ya kila siku, akaaga na kwenda zake, na vyombo vilivyoitwa vyake amevitazama kwa mbali tu, nyuma ya kioo kilichotiwa ufunguo. Jambo hili ni dogo kwa sura, lakini linanishughulisha, kwa maana linadhihirisha kwamba tumeyatenga mambo mawili ambayo katika ada zetu za pwani yalikuwa jambo moja, nayo ni kuipamba nyumba na kumkirimu mgeni.

Rai yangu ni hii: pambo lililowekwa kwa ajili ya mgeni halijatimiza wajibu wake mpaka limfikie, ama mkononi, ama puani, ama masikioni, ama mahali pake pa kuketi, na mapambo ya namna hiyo hutaka fikira na ustadi wa watu wa nyumbani kuliko yanavyotaka fedha. Siipingi nakshi, wala rangi, wala fahari. Ninachokipinga ni ile dhana, inayozidi kuota mizizi kila mwaka, kwamba kumpokea mgeni kwa taadhima ni kazi ya kukodiwa, ikaletwa na gari asubuhi na kuondolewa na gari usiku.

Kabati lenyewe lina nasaba ya heshima. Atakayeingia katika nyumba za mawe za Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na hasa zile nyumba zilizojengwa katika karne ya 18, atapita kwanza katika daka lenye mabaraza pande mbili, ambapo mwenye nyumba alizungumza na watu wa njiani. Kisha atapinda kona, kwa kuwa njia haikuelekezwa ndani moja kwa moja, ili macho ya nje yasiwafikie watu wa ndani. Atatokea kiwandani, yaani uani mwa nyumba, penye mwanga wa jua. Na hapo mbele yake vitajipanga vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikizidi kwa giza kile kilichokitangulia, mpaka macho yaufikie ukuta wa mwisho, nao umejaa zidaka. Zidaka ni vijishubaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, safu juu ya safu, vyenye vichwa vya tao na kingo za nakshi, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizotoka Uchina kwa njia ya bahari. Wembamba wa vyumba vile haukuwa wa kupenda. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi bila ya kuelemewa na uzito wa mawe na chokaa ulio juu yake, kwa hiyo chumba kilirefuka lakini hakikupanuka. Fundi aliyenyimwa upana alitafuta kina: aliuchimba ukuta wa nyuma kwa vivuli vya namna nyingi, vikubwa na vidogo, hata mtu aliyesimama kiwandani akadhani nyumba ingali inaendelea huko ndani. Huo kwangu ndio ubunifu wa kweli, kwa maana ulizaliwa na upungufu wa boriti.

Haki inataka tuyaseme na mengine. Nyumba hizo zilifagiliwa, zikapakwa chokaa na kupikiwa na watumwa, na utulivu wa mwungwana aliyeketi barazani ulibebwa na mabega ya watu ambao hawakualikwa kuketi. Tena vyombo vile vya zidakani, kama inavyosimuliwa, vilikuwa na kazi nyingine ya kulipokea jicho la hasidi kabla halijampata mtu. Na fahari ya nyumba hizo ilikuwa na mwisho wake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, utenzi unaokadiriwa kutungwa mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama magofu ya mji wa Pate akaona ndege wamefanya maskani mahali palipokuwa pa sahani. Sitamani basi tuyarudishe maisha yale. Ninatamani tujifunze jinsi mafundi wale walivyomfikiria mtu anayeingia, hatua kwa hatua, wakaamua aone nini kwanza, aketi wapi, na macho yake yaishie wapi.

Unguja nayo ilikuwa na mtindo wake. Sayyida Salma binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886 akiwa anaitwa Emily Ruete kwa jina la mumewe, ameeleza habari za kuta nyeupe zilizogawanywa kwa mashubaka yenye rafu, na juu ya rafu vyombo vya kaure na vya kioo vikapangwa kwa mizani, pamoja na vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya na saa za kila namna katika nyumba moja. Hayo yalikuwa mapambo ya kudhihirisha uwezo, nami nayapita upesi, kwa sababu tunao ushahidi wa kale zaidi, ulio bora zaidi kwa hoja yangu, na shahidi wake ni mgeni mwenyewe.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliteremka Mogadishu. Ilikuwa ada ya mji ule kwamba mtu wa elimu hatui mahali kabla hajaonana na sultani, basi kadhi akamchukua hata jumbani, na hapo akatoka mtumishi na sahani ya majani ya tambuu na popoo, akampa yeye majani 10 na popoo kidogo, akampa kadhi vivyo hivyo, na yaliyobaki akawagawia wenzake na wanafunzi wa kadhi. Kisha ikaletwa chupa ya marashi ya mawaridi ya Dameski, wakamiminiwa. Baadaye akapelekwa kulala katika nyumba ya wanafunzi iliyotandikwa kwa ajili yake, na chakula kikamfuata huko: wali uliopikwa kwa samli katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa katika sahani moja, na maziwa ya mgando katika nyingine, na kando yake achari ya ndimu, pilipili za siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Sasa tuzingatie jambo hili. Alipokuja kuyasimulia hayo kwao Maghribi, akaandikiwa, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20, naye katika muda huo alikuwa ameziona Dilhi na Uchina na mabaraza ya wafalme ambao utajiri wao haukuwa na kifani. Na bado alikumbuka hesabu ya majani aliyotiwa mkononi siku ile, na mji yalikotoka marashi. Kuta za jumba la Mogadishu hakuzieleza.

Uraibu wa tambuu sishauri tuurudishe, kwa kuwa madaktari wametuonya kwamba popoo, na zaidi popoo pamoja na tumbaku, huleta saratani ya kinywa, na mkarimu hampi mgeni wake maradhi. Walakini kile kitendo chenyewe, cha mgeni kupokewa kwa kitu kidogo kizuri kilichotiwa mkononi mwake kabla ya maneno mengi, hakina badala. Sahani ndogo, na ikiwezekana iwe ile ya kabatini, iliyowekwa tende nne, punje za iliki na vichwa vya asumini, ikitolewa na mtoto wa nyumba kwa mkono wa kulia na uso wa bashasha, humwambia mgeni kwamba kuja kwake kulitazamiwa, na hayo ndiyo anayotaka kuyajua kila mtu anayebisha hodi.

Katika mapambo yote yawezayo kumfikia mgeni, lililo mbele kwangu ni harufu, kwa kuwa huingia pasi na kuomba ruhusa na hukaa katika kumbukumbu baada ya sura ya chumba kusahauliwa. Tazama kazi ya asumini. Huchumwa alasiri, maua yakiwa bado yamefumba, meupe, magumu kidogo kwa kugusa. Mchumaji akichelewa mpaka jua likazama, atayakuta yamekwisha kufunguka mtini, na harufu iliyokuwa haki ya mgeni itakuwa imechukuliwa na upepo. Msichana huketi na sinia mbele yake, na uzi wa pamba, na sindano nyembamba, akalidunga kila ua penye shina lake, chini ya petali, maana ua lililotobolewa petali huingia madoa ya kahawia kabla ya isha. Na mkono uliozoea hauyatazami tena maua, bali huyajua kwa ncha za vidole, lipi limekomaa na lipi ni changa mno halitafunguka usiku huo. Uzi ukijaa hutundikwa juu ya mlango, au huzungushwa kwenye taa iliyopozwa, au huwekwa juu ya mto wa mgeni atakayelala. Wageni huingia magharibi, na katika nusu saa ya mazungumzo, wala hapana mtu aliyegusa kitu, maua yanaanza kufunguka palepale yalipotundikwa, na harufu inazidi kidogo kidogo mpaka mtu mmoja anyamaze na kuuliza inatoka wapi. Sijui pambo jingine lenye saa yake ya kuamka, wageni wakiwapo.

Na wanawake wa pwani hawakuishia hapo. Walichukua asumini, na waridi, na majani ya rehani, na vipande vya mkadi, na mlangilangi kwa anayeupata, wakavifunga pamoja na kuvinyunyizia marashi, kikawa kikuba, ambacho mgeni wa kike hupewa akitie kifuani au katika nywele. Na hapo ndipo ilipo hikima, kwamba wageni wakishavaa vikuba wamegeuka kuwa mapambo ya chumba, kila mmoja akimpambia mwenziwe. Maua ya plastiki, yanayouzwa kwa mafungu na kusimamishwa katika vyungu kila pembe ya sebule, yanakusanya vumbi tu. Hayamwombi mtu alasiri yake, wala hayana cha kumpa usiku. Na mimi ninaona ni hasara kubwa kuyapokea mahali ambapo mwasumini huota kwa kumwagiwa maji ya kuoshea mchele.

Baada ya harufu ni mahali pa kuketi. Seti za makochi tulizozizoea, nzito, zenye mikono minene, zimepangwa kuizunguka sebule zikiwa zimeegemezwa kuta, na zote zimeielekea televisheni. Hata wageni wanane wakija kuzungumza, kila mmoja huwa kama abiria, ubavu kwa ubavu na jirani yake, na uso wake kwa sanduku la picha. Baraza la daka la zamani lilikuwa na sehemu mbili zinazokabiliana, na nafasi ya kati ilikuwa ndogo kiasi cha mtu kuweza kumpokeza mwenziwe kikombe cha kahawa bila ya kuinuka. Siku ya wageni, basi, televisheni na ifunikwe, makochi mawili yasogezwe yatazamane, mzee na mwenye maumivu ya magoti wapewe viti, na katikati utandikwe mkeka. Nasema mkeka, wala sisemi zulia, kwa sababu mkeka una kazi ya mikono ambayo mgeni aweza kuisoma akiwa amekaa juu yake: ukindu uliochanwa ukawa chane nyembamba, nyingine zikachemshwa katika rangi nyekundu au ya zambarau, zikasukwa ukili mrefu unaozungushwa kama kamba, na ukili ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka vipande vya rangi vikutane na kufanya umbo lililokuwa kichwani mwa mshonaji tangu mwanzo. Pemba wangali wapo wanawake wanaosuka namna hiyo, nao hulipwa kidogo mno kwa kazi ya wiki nyingi. Anayeagiza mkeka kwao, akawaambia vipimo vya sebule yake na rangi azipendazo, amepata pambo ambalo halimo katika nyumba nyingine yoyote.

Nimefika kwenye tafrija yenyewe, nayo ndiyo sehemu tuliyoipuuza kupita zote. Tumeridhika kwamba mgeni ameburudishwa maadamu tumbo limejaa na muziki unalia, na muziki wenyewe unalia kwa sauti ambayo humlazimu mtu kupiga kelele ili amjulie hali shangazi yake. Waliotutangulia waliburudishana kwa njia nyingine. Huko Lamu na Pate palikuwa na gungu, ambamo mshairi alitega fumbo kwa wimbo na mwingine akalifumbua kwa wimbo, mbele ya watu walioijua lugha kiasi cha kufurahia ujanja wa kila neno. Na katika Unguja ya miaka ya 1920, Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka kijiji cha Fumba na ambaye mwaka 1928 alisafiri hata Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, aliimba katika majumba ya matajiri, naam, lakini nyumba yake mwenyewe huko Ng'ambo nayo ilikuwa ikijaa watu usiku, wakaja kumsikiliza yeye na wapigaji wake wakifanya mazoezi. Na nyimbo nyingi zilihusu mambo yaliyotukia mjini, hukumu za mahakama, dhuluma za wenye nguvu, hadaa za wapenzi, hata msikilizaji akaondoka amefurahi na amepata habari na hoja ya kubishania njiani. Haikuwa nyumba ya fahari. Iliwavuta watu kwa sababu waliokuja waliyaona maisha yao wenyewe yamewekwa katikati ya chumba.

Kwa kutumia mali hii ya urithi, mwenye nyumba wa leo aweza kuandaa jioni ambayo wageni wake hawataisahau, na gharama yake haizidi ile ya chakula cha kawaida. Tuseme ana wageni wanane. Atwae kawa nne, zile za ukili zenye rangi, azifunikize juu ya sahani nne zilizowekwa mkekani, na chini ya kila kawa aweke kitu ambacho ni jibu la kitendawili: yai lililochemshwa, kwa ile nyumba isiyo na mlango, nanasi lililokatwa, kwa kuku aliyetagia miibani, dafu, kwa kisima kilicho juu, na chini ya kawa ya nne aweke jibu la kitendawili alichokitunga mwenyewe kwa ajili ya usiku ule, ambacho hakimo katika kitabu chochote. Kawa haifunuliwi mpaka fumbo lifumbuliwe, na aliyelifumbua ndiye mwenye haki ya kufunua na kuwagawia wenziwe. Wakishindwa, ada ya zamani ina dawa yake nzuri: mtegaji huomba apewe mji, akapewa Kilwa, au Zanzibar, au mji wowote waupendao, naye huanza kusimulia jinsi alivyokwenda katika mji huo, na jinsi wenyeji walivyompokea, walivyomlisha na kumheshimu, ndipo alitoe jibu. Nimesikia wazee wakiyarefusha masimulizi hayo kwa ufasaha mkubwa, wakatia humo majina ya watu waliokuwapo, na chakula walichokuwa wakikitamani, hata jibu likawa si kitu tena, na wote wakatamani mtegaji apewe mji wa pili.

Au atwae kanga. Kila nyumba yetu ina sanduku la kanga, na kila kanga ina pindo, na mji, na jina lake lililoandikwa; zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kilatini. Azichague doti tano au sita zenye miji mizuri, azitundike ukutani kwa kuzikunja, ili jina lifichwe na picha ionekane. Hayo peke yake yamekwisha kuwa mapambo, tena ya rangi kali na safi ambazo hazihitaji taa za kumetameta. Kisha katikati ya mazungumzo kila mgeni aombwe kuitazama kanga iliyo mbele yake na kuitungia jina linaloistahili. Na wakiisha wote kutaja majina yao, wakachekana na kusahihishana mizani, ndipo zikunjuliwe na jina la kiwandani lisomwe. Mara nyingi litashindwa. Watu wetu wana kipaji cha maneno kilichofichika, na mtu mpole ambaye hakupata kusikika jioni nzima aweza kutoa neno moja likaikumbusha familia jina lake kwa miaka.

Kuhusu bao, dhumna na karata sina maneno mengi. Ni michezo mizuri, lakini huwapa shughuli watu wawili au wanne, na wengine wakawa watazamaji. Nayo huwafaa zaidi marafiki wanaoonana kila siku kuliko mgeni wa mara moja, ambaye asije akashindwa mara tatu mfululizo katika nyumba ya watu.

Ninajua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba wakati hauruhusu. Kwamba mama wa nyumba anafanya kazi ofisini au sokoni hata magharibi. Kwamba kumpigia simu mpambaji, akaja na vitambaa vyake vya hariri bandia na viti vilivyovishwa mashuka na taa za rangi, ni nafuu kwa mtu aliyechoka. Kwa arusi ya watu 300 ninakubali, maana hapana nyumba iwezayo kubeba kazi hiyo bila ya auni, na wapambaji ni watu wenye riziki halali na wengine wana jicho zuri. Lakini sasa tunawaita hata kwa akika, hata kwa hitima ya mtoto wa madrasa, hata kwa chakula cha mchana cha watu 20, na wanapoondoka na mali yao nyumba hubaki tupu kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa hapana mtu wa nyumba hiyo aliyejifunza lolote, wala mgeni aliyeona alama ya mkono wa mwenyeji wake. Tena kipo kitu kinachonisikitisha zaidi: watoto hufukuzwa nje siku ya wageni, wasije wakachafua. Wao ndio wangepaswa kuwa mafundi wakuu. Mtoto wa miaka 8 aweza kuchuma asumini, wa miaka 10 aweza kuzitunga, na wa miaka 12, akipewa siku mbili za kufikiri, atatunga kitendawili ambacho mjomba wake mwenye shahada hatakifumbua. Na mtoto aliyempokea mgeni kwa kazi ya mikono yake hataona haya kumsalimu, wala hatahitaji kukumbushwa adabu.

Uchovu wa mama ni jambo la kweli, nami sitaki makala hii imwongezee mzigo. Ndiyo maana nasema kazi ni ya nyumba nzima, na wanaume wamo. Kupika kahawa tungu na kuimimina, mathalan, tangu zamani ni kazi ya wanaume katika miji yetu. Muuza kahawa apitaye mitaani na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikike, ni mwanamume. Baba aliyeketi akingoja kuletewa kahawa pamoja na wageni wake hana hoja ya ada ya kumtetea. Na asimame yeye, ashike dele kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa wa kulia, aanze na mkubwa wa umri, amimine kidogo kidogo ili isipoe, na azunguke tena na tena mpaka mgeni atikise kikombe kuonyesha kwamba ametosheka.

Mwisho wa jioni nao unataka kubuniwa kama mwanzo wake, kwa maana wengi wetu hatujui kuagana: mgeni huona haya kuondoka, mwenyeji huona haya kupiga miayo, na mazungumzo hufa polepole mbele yao wote. Waarabu wa Ghuba wana njia ya kuliondoa tatizo hili, na ndugu zetu wenye kusema Kiswahili walioko Muscat wanaifuata: udi huletwa mwisho, na ukishapita kila mtu anajua kwamba kikao kimefungwa kwa heshima, pasi na mtu kumwambia mwenziwe neno. Chetezo kitiwe makaa yaliyokwisha kushika vizuri, yafunikwe na jivu jembamba ili udi ufuke taratibu usiungue, kisha kizungushwe. Wanaume waufukize mikono ya kanzu na ndevu, wanawake nywele na ncha za mitandio, hata kila mtu atoke na nyumba ile katika nguo zake. Kisha mwenyeji ainuke na mgeni wake, amsindikize, ikiwa ni usiku amfikishe hata penye gari. Mtu anayeaga akiwa amekaa, na macho yake katika simu, ameivunja kazi yote ya mchana kutwa kwa dakika moja, na ni afadhali asingetandika mkeka.

Na kama mgeni ameacha watoto nyumbani kwake, wafungiwe kashata au halua kidogo katika karatasi, kifurushi kwa kila mmoja, na jina lake liandikwe juu yake kwa kalamu. Jambo ambalo haliwezekani ila kwa mwenyeji aliyeyauliza majina hayo mapema, kahawa ikizunguka, akayashika.